Mkalimani wa Mashamba ya Ngano

Watu wa Katesh waliendelea kumwita Mkalimani miaka mingi baada ya kufukuzwa kazi hiyo. Majina alikuwa nayo, la Kibarbaig na la ubatizo, na siandiki hata moja kwa sababu mwenyewe alinikataza. "Ukiweka jina langu," aliniambia, "watasema ni habari ya mama mmoja mwenye kinyongo. Wewe andika kazi." Basi naandika kazi, na mtu aliyeifanya, na hasira aliyoniachia. Hasira hiyo sijaipunguza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa kwenye nyanda za Basotu, nchi moja tajiri ya ng'ambo ilileta trekta, kombaini, mbegu na wataalamu. Nchi hiyo siitaji, maana nikiitaja moja, nyingine zitajiona zimesamehewa. Wafugaji wa Kibarbaig, ambao ng'ombe wao walikuwa wakilishwa hapo tangu zamani, waliambiwa wahame. Waliochelewa kuhama walichomewa maboma. Waliokutwa wakikatiza shambani kupeleka mifugo ziwani walipigwa na walinzi, wanawake kwa wanaume. Wataalamu hawakujua Kibarbaig, wazee hawakujua Kiingereza, na Kiswahili cha wengi wao kilikuwa cha kununulia chumvi mnadani. Katikati yao alisimama yeye, binti wa wafugaji aliyesomeshwa na masista mpaka akakijua Kiingereza kuliko wakubwa waliomwajiri.

Alikuwa mrefu, mwenye bangili za shaba mkono mmoja na saa ya kiume mkono wa pili. Akiongea alitazama mdomo wa mtu, si macho. Alisema macho yanaomba huruma na mdomo ndio unaotoa neno. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: ukimwambia jambo la maana alikurudishia kwanza kama ulivyolisema, neno kwa neno, kisha ndipo alijibu. Mume wangu hakupenda kuzungumza naye. Alisema ni kama kusikiliza kesi yako ikisomwa.

Nilimfahamu kwa sababu tulipakana ua. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika sekondari moja hapa Katesh, na kwetu ni Gitting, upande wa wakulima. Siku ya kwanza nilipopita kumsalimu nilisema, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba," akaniuliza baba yangu ni nani. Nikamtajia. Akasema, "Alikuwa anaendesha trekta Basotu."

"Ndiyo, mama."

"Namfahamu. Karibu ukae."

Hakusema zaidi siku hiyo. Ilinibidi niende Gitting kumuuliza baba mwenyewe, na baba akaniambia akiwa anachambua maharage, bila kuniangalia. Katika shamba walilopewa kulima kulikuwa na kilima kidogo cha udongo kilichofinyangwa vizuri. Msimamizi alimwambia ni kichuguu cha mchwa, apite juu. Akapita. Hakikuwa kichuguu. Lilikuwa kaburi la mzee mmoja mkubwa wa Kibarbaig, aina ya kaburi ambalo watu hujenga kwa miezi mingi na kulitunza kwa vizazi. Baba aliligundua hilo alipoona wanawake wamesimama kando ya shamba, wameshika vichwa.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Nilimaliza mstari," alisema. "Nilikuwa na mstari wa kumaliza."

Tangu siku ile sijaweza kusema kwamba mambo ya Basotu yalifanywa na watu wengine.

Mkalimani alikuwa na visa vingi vya kazini, na aliponisimulia hakucheka hata palipochekesha. Kuna mkubwa mmoja wa wilaya aliyekuwa na mazoea ya kuwaita Wabarbaig "Mang'ati", kama wengi wanavyofanya mpaka leo bila kujua wanachosema. Siku moja alikuwa na wageni wa ng'ambo, akasema, "Waeleze kwamba hawa Mang'ati hawana shida, wamekubali kuhama." Mkalimani akageuka akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mheshimiwa anasema maadui hawa hawana shida, wamekubali kuhama. Mgeni mmoja akashtuka akauliza maadui wa nani.

Mkubwa akaona sura zimebadilika. "Mama, umewaambia nini? Mimi nimesema Mang'ati."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni neno la Kimasai. Maana yake adui. Nimetafsiri."

Hakulitumia tena mbele yake. Nyuma yake aliendelea nalo.

Kisa kilichomfukuzisha kazi kinajulikana na watu wengi wa rika la baba yangu, na baba mwenyewe alikuwepo, kwa sababu madereva walipangwa na trekta zao zilizooshwa ili wageni wazione. Malalamiko yalikuwa yamefika ng'ambo, magazeti ya huko yakaandika, na bunge lao likauliza maswali. Nchi ile ikamtuma balozi wake aje ajionee. Baraza likakaa kwenye uwanja ulio mbele ya maghala, jua la saa sita. Balozi alianza kwa kusema kwamba taifa lake limeziweka haki za binadamu katikati ya uhusiano wake na mataifa yote ya dunia. Mkalimani akalitafsiri hilo vizuri, kwa Kibarbaig na kwa Kiswahili, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ndipo akasimama mzee ambaye kaburi la baba yake lilikuwa limelimwa. Alisema yote. Maboma yaliyochomwa, akataja ya nani na nani. Wanawake waliopigwa njiani kwenda kuchota maji. Kaburi. Wakubwa waliokuwa wamekaa upande wa kivuli walianza kukohoa, na mmoja akamnong'oneza Mkalimani, "Fupisha, mama. Lilegeze hilo." Hakufupisha wala hakulegeza. Baba alisema ulikuwa utulivu wa kutisha, sauti ya mama mmoja ikirudisha kwa Kiingereza jina moja baada ya jingine, na vitu ambavyo kila mtu pale alivijua na hakuna aliyewahi kuvisema mbele ya mgeni.

Balozi alifunga daftari lake. Akasema amehuzunishwa sana. Akasema hata hivyo nchi yake inatoa mashine na utaalamu tu, na suala la nani akae wapi ni mambo ya ndani ya nchi huru, ambayo wao wanaiheshimu.

Mkalimani akayatafsiri hayo pia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Trekta ni la nani?"

"Anauliza trekta ni la nani," Mkalimani akamwambia Balozi.

"Ni msaada wetu," Balozi akajibu.

"Basi mwambie," mzee akasema, "trekta lake lilipoingia kwenye kaburi la baba yangu halikusimama kuuliza kama hayo ni mambo ya ndani."

Hilo nalo likatafsiriwa. Wiki iliyofuata Mkalimani aliambiwa aache nyumba ya shamba. Alikwenda Dongobesh, wilaya ya Mbulu, akafundisha Kiingereza kwa miaka kadhaa, na alipozeeka akajenga Katesh.

Ninapoyaandika haya najua kuna watakaosema wazungu ni wanafiki, na watafunga kurasa wakijisikia vizuri. Mkalimani hakumruhusu mtu aondoke na raha hiyo. Alizikumbuka jioni za miaka ile, redio ikiwaka katika nyumba za wafanyakazi, ikihesabu makosa ya makaburu wa kusini: wanawahamisha watu kwa nguvu, wanawadai vibali vya kupita katika ardhi ya babu zao, wanavunja nyumba zao. Nchi yetu ilisimama na watu wale, ikawapokea, ikajinyima kwa ajili yao. Alijivunia hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Alisema ni jambo zuri kuliko yote ambayo taifa hili limewahi kufanya nje ya mipaka yake. Kisha akaongeza, "Na mimi nilikuwa nikiisikiliza redio ile, nikitazama dirishani mlinzi akimcharaza fimbo mama wa watu kwa kupita shambani bila kibali. Mdomo wa redio ulikuwa sahihi. Fimbo nayo ilikuwa yetu."

Nilimkaribisha darasani siku moja. Kidato cha nne tulikuwa kwenye mada ya sera ya mambo ya nje, na wanafunzi walikuwa wamekariri vizuri: ujirani mwema, kutofungamana na upande wowote, kulinda uhuru wa taifa, kupigania haki za wanyonge. Mkalimani akasikiliza orodha yote, akawarudishia kama walivyoisema, kisha akauliza, "Wanyonge hao wanakaa wapi?"

Mwanafunzi mmoja akasema, "Nje, bibi. Ni sera ya nje."

"Na wa ndani je?"

Darasa likacheka. Binti mmoja kutoka Basotu hakucheka. Akanyoosha mkono akasema, "Bibi, wakubwa wanasema haki za binadamu ni mambo ya wazungu."

"Anayesema hivyo," Mkalimani akamjibu, "mwambie achomewe nyumba yake, halafu aje atueleze kama ameumia kizungu au ameumia kwa lugha ya kwao."

Mkuu wa shule aliniita ofisini baadaye akaniomba niwe mwangalifu na wageni wa darasani. Nilimwitikia. Mwaka uliofuata nilimkaribisha tena.

Lakini nisimchore kama mtu aliyenyooka tu. Alikuwa na kona zake. Baba yake alipofariki, kaka zake waligawana ng'ombe wote, yeye hakupata hata ndama, kwa sababu ni mwanamke. Alilia kwa siku nyingi na aliwatukana kaka hao mbele yangu kwa maneno ambayo sikudhani anayajua. Muda si mrefu akaja mama mmoja mzungu, mtafiti, akamuuliza juu ya urithi wa wanawake wa Kibarbaig. Mkalimani akamjibu kwamba mila zao zinamtunza mwanamke vizuri na hakuna la kueleza. Mgeni akashukuru, akaniachia namba yake ya simu, akaondoka.

Nilikasirika. Nilimwambia, "Mama, mbona umemdanganya?"

"Hilo ni letu. Si la kwenda kusomwa ng'ambo."

"Yaani ni mambo ya ndani."

Alinitazama mdomo kwa muda, kama kawaida yake. Akainuka akaingia kwake bila kuniaga. Kwa siku nne hatukusalimiana, na mimi nilikuwa mkaidi pia. Siku ya tano alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka mezani, akasema, "Umenipata." Kisha akasema jambo ambalo nimelitumia darasani mara nyingi bila kumtaja: kwamba kila anayetesa ana ukuta, na yaliyo ndani ya ukuta huo anayaita mambo yake ya ndani, iwe nchi, iwe boma, iwe chumba cha kulala. Alichukua namba ya yule mtafiti kwangu na akampigia. Walizungumza saa nzima, na niliposikia jinsi anavyoeleza habari za kaka zake nikajua hakulegeza.

Hakuwachukia wageni pia, kama wengine walivyodhani. Tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoiangukia Katesh na kuzika nyumba za watu, Jorodom na kwingineko, misaada ilikuja kutoka kila upande. Yeye, na magoti yake mabovu, alishinda kwenye foleni akiwasaidia akina mama wa nyandani kueleza walichopoteza. Jirani mmoja akamkejeli kwamba leo anapokea mablanketi ya watu aliokuwa akiwasema. Akamjibu, "Mtu akikupa blanketi, sema asante. Akikupa blanketi ili unyamaze, sema asante, jifunike, endelea kusema."

Alifariki mwaka jana, nyumbani kwake, akiwa mzee. Kabla ya hapo, alipokuwa bado anaweza kupanda gari, tulisafiri pamoja mara moja, na ndiyo safari ninayotaka kuieleza.

Ubalozi wa nchi ile ulikuwa umemtafuta. Kijana mmoja, afisa wao, alipiga simu akasema serikali yake inaangalia upya misaada yake ya zamani, na kuna barua inayopaswa kusomwa kwa familia za Basotu. Walikuwa na mkalimani wao wa Kiswahili kutoka mjini, ila Kibarbaig hakijui. Akaomba Mkalimani aje. Mkalimani akakubali kwa sharti kwamba mimi niende naye, nimshike mkono.

Tulifika asubuhi katika boma la binti wa mzee yule aliyesimama mbele ya Balozi. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki zamani. Binti yake sasa ni bibi, na ng'ombe wake wanalishwa mbali, kwa sababu ardhi ya karibu inalimwa mpaka leo. Alitukalisha nje ya ua. Afisa, kijana mpole wa sauti ya chini, akasimama akasoma. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba haki za binadamu ni msingi wa sera ya nje ya taifa lao. Ilisema mradi ulikuwa na nia njema. Ilisema serikali yao inasikitika kwamba baadhi ya wanajamii walijisikia kuathiriwa.

Mkalimani akatafsiri. Alipofika kwenye neno lile akasimama, akalitafuta, akalipata, akalisema kama lilivyo.

Binti wa mzee akauliza, "Walijisikia? Nani aliyejisikia?"

"Anauliza nani aliyejisikia," Mkalimani akamwambia afisa.

Afisa akageuza karatasi kana kwamba jibu lingekuwa nyuma yake. Akasema kwa heshima kwamba barua imeandikwa na wakubwa wake na yeye hana mamlaka ya kuongeza neno.

Nilidhani Mkalimani atamgeukia kwa hasira. Mimi nilikuwa nimekwisha kujaa hasira. Lakini yeye alimgeukia binti wa mzee. Akaanza kusema kwa Kibarbaig, taratibu, na mara kwa mara akinigeukia kunieleza kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, anataka na mimi nisikie. Alisema kwamba kabla ya ziara ya yule Balozi kulikuwa na ziara nyingine, ambayo watu wameisahau. Walikuja wataalamu watatu kupima shamba jipya. Mzee alisimama siku hiyo pia. Kaburi lilikuwa bado halijaguswa.

"Baba yako alisema hivi," Mkalimani akamwambia. "Alisema, pale amelala baba yangu, mkipitisha chuma juu yake mtakuwa mmeniua nikiwa nimesimama. Wataalamu waliniuliza amesema nini. Nilikuwa na kazi mpya na nyumba ya bati, na mkubwa wangu alikuwa ananitazama. Nikawaambia, mzee anaomba mipaka iangaliwe vizuri. Wakaandika mipaka. Msimu uliofuata kaburi likalimwa. Baba yako hakujua Kiingereza. Alikufa akiamini walimsikia wakapuuza. Hawakumsikia. Mimi ndiye niliyemzuia asisikike. Naomba unisamehe, na usiponisamehe ni haki yako."

Miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunigusia jambo hilo. Watu wote tulimjua kwa ile siku aliyokataa kulegeza neno. Sasa nilielewa alikuwa amekataa kwa sababu alishalilegeza neno mara moja, na anajua lilikokwenda.

Binti wa mzee alichukua fimbo yake akachora mchangani, akafuta. Mwishowe akasema, "Rudia alivyosema baba."

Mkalimani akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia tena. Bibi yule aliyasema maneno ya baba yake mwenyewe kwa mdomo wake, mara mbili, kama anayeyaweka mahali. Kisha akamnyooshea afisa fimbo. "Sasa mwambie yeye."

Afisa alikuwa ameshaweka daftari mfukoni. Dereva alikuwa amewasha gari, kwa sababu walikuwa na kikao kingine Babati. Mkalimani akamwambia kuna maneno ya kuandika. Afisa akasema kwa upole kwamba hayo hayakuwemo katika ratiba ya leo.

"Hata siku ile hayakuwemo," Mkalimani akasema. "Kaa."

Kijana akamtazama, akamtazama bibi mwenye fimbo, akamwashiria dereva azime gari. Akakaa juu ya gogo akatoa daftari. Mkalimani akamtafsiria maneno ya mzee, yote, pamoja na uwongo wake mwenyewe. Kijana akaandika. Alipomaliza, Mkalimani akamwambia, "Nisomee."

Akasoma kwamba mzee huyo alijisikia vibaya kuhusu kaburi la baba yake.

"Futa alijisikia," Mkalimani akasema. "Hakujisikia. Alisema. Andika alichosema."

Kijana aliona haya, niliona masikio yake yakiwa mekundu. Akakata mstari, akaandika upya, polepole, akiuliza neno moja moja. Binti wa mzee alikuwa amesogea karibu, anatazama kalamu inavyokwenda, ingawa kusoma hajui.

"Ameandika?" akauliza.

Mkalimani akavaa miwani, akaliinamia daftari, akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Sasa ameandika," akajibu.